Toka Nje, Uingie Upya

Nyumbani kwetu Temeke, bibi yangu alikuwa na sheria moja ambayo hata mwenye nyumba aliifuata. Ukiingia uani bila kumwamkia, anakurudisha. Hagombi wala hapazi sauti. Anasema tu, "Toka nje, uingie upya," kisha anaendelea kuchambua mchele huku akikusubiri. Nimewahi kutoka na kuingia upya nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Fundi umeme alitolewa nje na ngazi yake. Bibi alikuja kutoka Newala akiwa msichana, na mambo mengi ya mji huu ameyasamehe, lakini shikamoo zake atazidai mpaka siku ya mwisho.

Mtu wa malezi hayo ndiye aliyekwenda kujaribu uigizaji.

Nilikuwa kidato cha pili. Kwenye ubao wa matangazo wa shule lilibandikwa tangazo la mafunzo ya maigizo ya kuimba kwa vijana, bure, likizo nzima ya Juni, usaili Jumamosi kule Mbezi Beach. Nimekuwa nikiimba tangu nijitambue, mara nyingi bila kuombwa, na niliamini kwamba watu wamechelewa tu kunigundua. Lakini nisiwadanganye, kilichonisukuma zaidi ni shangazi yangu wa Goba. Alikuwa na mapacha wa miaka miwili, wote wawili wanauma, na ilishaamuliwa kwamba nisipokuwa na la maana la kufanya nitakwenda kumsaidia kuwalea. Likizo iliyotangulia nilirudi na alama za meno mikono yote. Kwa hiyo nilikuwa naipigania ngozi yangu.

Bibi aliposikia neno usaili akajua ni kazi. Akaninyooshea sketi kwa pasi, akatafuta bahasha ya kaki, akatia ndani cheti cha kuzaliwa na kadi yangu ya kliniki ya utotoni, ile yenye mchoro wa uzito, ambapo kijani ndiyo afya njema.

"Ya nini hii, bibi?"

"Waone hukutoka kwenye kijani hata mwezi mmoja."

Ukumbini wenzangu walikuwa wanajinyoosha viungo na kupasha sauti. Mimi nilikaa nimebana bahasha kwapani kama karani. Msimamizi alikuwa dada mwenye miwani mikubwa ambaye sote tulimwita madam. Kwenye kinanda alikaa mzee mwenye mvi kichwa kizima, mwalimu mstaafu aliyekuja kujitolea. Walitufundisha ubeti mmoja, kila mmoja akauimba peke yake, na mimi niliuimba vizuri. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Ikaja zamu ya kuigiza.

"Wewe ni bosi," madam akanieleza. "Tajiri, una roho mbaya. Unarudi nyumbani, unamkuta mtumishi wako kalala. Unamwamsha, unamfukuza kazi, unaimba ule ubeti. Mzee wetu, tusaidie uwe mtumishi."

Mzee akaacha kinanda, akakaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, akafumba macho na kuinamisha kichwa. Nikatoka nje, nikaingia kwa mwendo wa kibosi, nikasimama mbele yake, nikakunja goti.

"Shikamoo."

"Marahaba," mzee akaitikia bila kufumbua macho. "Hujambo?"

"Sijambo."

Madam akavua miwani. "We bosi, unamwamkia nani?"

"Samahani, madam."

"Huyo ni mtumishi wako, na amelala. Toka nje, uingie upya."

Nilimtazama nikidhani kuna mtu kamsimulia habari za kwetu. Katika maisha yangu yote nilikuwa nikitolewa nje kwa kutosalimia. Siku hiyo nikatolewa kwa kusalimia.

Mara ya pili niliubamiza mlango. "We mzee, amka," nikafoka, na sauti yangu ikanishtua mwenyewe. Mzee akafumbua macho. Yalikuwa macho ya mtu mzima, mekundu kidogo, yananiangalia bila kosa lolote, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia madam. "Samahani, na mie imenitoka tu."

Vijana wakaanza kucheka. Madam akasema mara hii ndiyo ya mwisho, nikiamkia tena anamwita anayefuata.

Kule nje nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimkasirikia madam, nikamkasirikia bibi na ungo wake wa mchele, nikaikasirikia na ile kadi ya kliniki. Niliwaona kabisa wale mapacha wamekaa mlangoni Goba wananisubiri, vinywa wazi. Nikajiapiza kwamba neno lile halitanitoka. Nikaingia, nikasimama mbele ya mzee, nikafungua mdomo kumfukuza, na mdomo haukujua njia nyingine ya kuanza na mtu mwenye mvi.

"Shikamoo," nikasema kwa uchungu wote niliokuwa nao, meno yamekazana. "Umefukuzwa kazi."

"Marahaba," mzee akasema. Akainuka taratibu. "Nashukuru kwa taarifa. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Chukua kila kilicho chako utoke."

"Natoka. Unisalimie wakubwa."

"Zimefika. Toka."

Watu walilala sakafuni kwa kicheko. Nikauimba ubeti wangu juu ya kelele zao mpaka mwisho, nikakunja goti kwa mazoea, nikaokota bahasha yangu. Machozi yalikuwa karibu. Nilijua mambo yangu yameisha.

"Njoo hapa," madam akaniita. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nani kakufundisha kuigiza hivyo?"

"Bibi yangu."

"Basi bosi wetu abaki hivyo hivyo. Kila anayemfukuza, kwanza amwamkie. Jumatatu saa tatu asubuhi, usichelewe." Akaiangalia bahasha. "Na hiyo?"

"Kadi ya kliniki, madam."

Akavaa miwani yake, akamwita anayefuata.

Kutoka kituoni mpaka nyumbani nilikimbia. Niliingia uani kwa kishindo nikisema nimepata, nimepata, siendi Goba. Bibi alikuwa na ungo wake mapajani. Hakuinua kichwa.

"Toka nje, uingie upya."

Nikatoka. Nikasimama barabarani jasho linanitiririka, nacheka peke yangu, muuza maji akaniangalia kwa huruma. Nikaingia upya.

"Shikamoo, bibi. Nimepata."

"Marahaba. Nilijua. Kazi yenyewe unafanya nini?"

Nilifikiria jinsi ya kumweleza. "Nawaamkia wazee."

Mikono yake ikatulia juu ya mchele. Aliniangalia kwa furaha ambayo sikuiona hata nilipofaulu darasa la saba, na mimi nikafurahi kiasi kwamba habari za kuwafukuza sikuzigusa. Akasogeza ungo pembeni, akajifunga khanga vizuri, akakaa sawasawa kwenye kigoda chake. Kisha akaniambia nitoke nje niingie tena, aone kazi yenyewe inavyofanywa.

Nikatoka.