Jivu Mbele ya Darubini

Hakuna tena anayekohoa mara mbili nje ya boma letu alfajiri ili tujue msasi amepita. Alikuwa mtu wa upinde, na sauti yake ilikuwa ya chini hata sokoni Ikutha, kana kwamba mbuzi wa kuuzwa wangeshtuka na kukimbia. Shingoni alining'iniza kifuko cha jivu, akilipeperusha kidogo kila alipotaka kujua upepo unaelekea wapi. Mwaka ambao ndovu mwenye sikio lililopasuka alikuwa akimaliza mtama wa Kalunde, jirani yetu mjane, askari wa wanyama alikuja na bunduki mpya yenye darubini juu yake. Tulimwona ndovu ng'ambo ya mto. "Mzee, angalia humu, uniambie kama ndiye," askari alisema. Msasi aliweka jicho, akaganda. Mkono wake ukaingia kifukoni, ukapeperusha jivu. "Msisogee," alinong'ona, "atatunusa." Askari akacheka. "Kutoka huko kote, mzee?" Yeye alinyoosha mkono mbele ya darubini, akapapasa hewa pale alipoona kope za ndovu. "Niliowaua mimi wote walikuwa na nafasi ya kuninusa," alisema. Kalunde akamshika bega. "Ndiye au siye? Watoto wangu watakula nini?" Msasi alitazama tena, akaliona lile sikio lililopasuka. "Ndiye." Askari alichukua bunduki, akapiga. Tulipovuka mto, tulimkuta ndovu amekufa na mtama ungali mdomoni, haujatafunwa. Msasi alimwaga jivu lote palepale. Sasa anaishi Kasikeu kwa binti yake, anauza asali.