Calvince Yuko Onlaini

Ukimuuliza Beldina Ajwang anafanya kazi gani, atakwambia anaharibu vitu. Halafu atacheka peke yake, maana watu wa Nyalenda, mtaa wake huko Kisumu, walishachoka kumwelewa. Mwenye nyumba aliwahi kuwaambia majirani kwamba msichana wa chumba cha mwisho analipwa kucheza, na tangu siku hiyo kina mama pale kwenye mfereji wa maji wakimwona wanagusana viwiko: "Ona huyo, mtu mzima na diploma yake, anashinda kwa gemu." Waache waseme. Kazi yenyewe si mchezo hata kidogo.

Gemu hiyo inaitwa Udongo. Haina kushinda wala kushindwa. Unapewa nchi tupu yenye mto, miti na mawe, basi. Chimba, jenga, lima, fanya upendavyo, na ukitaka unawaita wenzako mjenge pamoja. Kabla watu hawajapewa toleo jipya, Beldina na wenzake hupewa kwanza walisumbue. Ajigonge ukutani, ajitupe kisimani, azime simu akiwa katikati ya daraja. Kitu kikienda kombo asikimbilie kulalamika. Arudie alichofanya, hatua kwa hatua, mpaka kiende kombo tena mbele ya macho yake, ndipo aandike ripoti: nilifanya hivi, nilitarajia vile, kikatokea hiki. Hitilafu usiyoweza kuirudia si hitilafu, ni porojo. Hayo ni maneno ya msimamizi wao, Wechuli, na Wechuli hakuumbiwa kubembeleza mtu.

Aliyeifurahia kazi hiyo kuliko hata Beldina mwenyewe ni ndugu yake Calvince, kitinda mimba wa nyumba yao. Calvince aliishi na mama yao, Mama Dorca, huko Ahero, akilima mpunga kwenye mashamba ya kumwagilia. Mchana yuko kwenye tope hadi magotini. Jioni, akishaoga na kula, anajitupa kwenye kochi la mama na simu yake, na dada yake huko Nyalenda anafungua yake, wanakutana ndani ya Udongo. Humo walikuwa wamejenga boma zima: nyumba ya mama yenye mabati mekundu, jiko, zizi, na yote Calvince aliyapandisha juu ya kilima. "Hapa mto Nyando ukitaka kuja upande ngazi," alikuwa akisema. Na kuharibu je? Wacha! Alikuwa bingwa bila mshahara. "Sista, kimbia uone, ng'ombe amekwama ndani ya ukuta!" Beldina anakimbia, anaona, anaandika ripoti, na huko Ahero Calvince anacheka mpaka mama yao anauliza kama amepagawa.

Halafu ikaja mvua ndefu, mto Nyando ukavunja tuta.

Watu wa Ahero wanayajua maji. Wanajua kupandisha magodoro, wanajua njia za kupita na za kuogopa. Alasiri ile maji yalipoanza kutambaa shambani, Mama Dorca alikumbuka mbuzi wake aliowafunga karibu na tuta. Calvince yuko kwenye kochi, macho kwenye simu. Mama alikuwa amechoka, amelowa, na ulimi wake ukichomoka haurudi. "Weka hiyo takataka chini!" akamfokea. "Na mbuzi wangu wakienda na maji, wewe pia usirudi hapa!" Calvince akacheka, maana alimjua mama yake. "Hasira ya nini, Mama? Si naenda." Akaisukumiza simu mfukoni vilevile, gemu ikiwa bado inacheza, akatoka akikimbia.

Jioni mbuzi walirudi wenyewe, wamelowa chepechepe, wanaburuta kamba. Calvince hakurudi.

Walimtafuta kwa fito, kwa mitumbwi, kwa macho. Wakapeleka habari hadi kule mto unakomwagikia ziwani, wavuvi waangalie. Hakuna. Beldina alifika kutoka Kisumu akatembea kwenye tope na wanaume mpaka sauti ikakauka kwa kuliita jina. Usiku akiwa amejikunja kwenye kochi lile lile, bila kujua anatafuta nini, akafungua Udongo. Boma lao lilikuwa vilevile juu ya kilima. Na mbele ya mlango wa jiko alisimama Calvince, kofia yake ya njano kichwani, mkono kwenye komeo. Juu ya kichwa chake jina lake liliandikwa kwa kijani.

Kijani maana yake mtu yupo, simu yake imewaka, amejiunga. Beldina aliruka kutoka kwenye kochi kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Mama! Mama, amka! Calvi yuko onlaini!"

Jamani. Mtu anayelipwa kutoamini kitu mpaka akirudie kwa mkono wake! Lakini hebu niambie, nani angeona jina la ndugu yake limewaka akaanza kufikiria mambo ya kazi? Moyo ulitangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu. Alipoanza kuwa na shaka, mama yake alikuwa ameshapiga magoti sakafuni anamshukuru Mungu kwa sauti, na majirani wanagonga mlango kuuliza amepatikana wapi.

Basi ikawa hivyo. Maji yakashuka, matope yakakauka, watu wakarudi mashambani, na Mama Dorca anajua mtoto wake yu hai. Yuko mahali fulani, amenuna. Si alimwambia asirudi? Kila Jumapili baada ya kanisa Beldina alifika Ahero, na kabla hajapewa hata chai mama alishavuta kiti karibu. "Fungua nimwone." Akifungua, mama anamtazama yule mtu mdogo wa kofia ya njano, amesimama, hageuki. "Mwandikie," anasema. Beldina anaandika kwenye kile kisanduku cha kuongelea, neno kwa neno. Mwandikie nilikuwa na hasira tu. Mwandikie mbuzi walirudi. Mwandikie hao mbuzi nitawauza wote, sitaki hata kuwaona. Mwandikie arudi.

Wanangoja. Calvince hajibu.

"Ana kichwa kigumu kama baba yake," Mama Dorca anasema, na anafuta macho kwa leso, na kwa namna fulani ametulia. Beldina alijaribu kumwambia kwamba wakati mwingine gemu hudanganya. Mama akamkata: "Nyathina, mtoto wangu, wewe ndiye uliniamsha ukaniambia yuko. Sasa unataka kunirudisha wapi?" Maneno yalikuwa yake kweli.

Mzee Oluoch, mdogo wa marehemu baba yao, ndiye aliyebaki na mzigo wa boma. Huko kwao mtu akimezwa na maji asipatikane, hukatwa tunda la yago, lile refu zito kama paja la mtoto, likavikwa nguo ya kuzikia na kuzikwa kaburini mahali pa mwili, apate kulala. Bila hivyo hakuna matanga, hakuna kumaliza kilio, na aliyekufa anabaki anatangatanga nje. Mzee Oluoch alikuja akavua kofia, akaongea kwa upole. "Mama Calvince, tumetafuta mpaka ziwani. Turuhusu tukate yago, kijana apumzike."

"Mzee, kwani mimi nimekataa nini?" Mama Dorca alijibu. "Lakini mtu yuko onlaini, utamzika namna gani?"

Mzee alikuwa amezika watu wengi maishani, ila hakuwahi kuzika aliye onlaini. Akamgeukia Beldina kwa macho, Beldina akatazama sakafu.

Kisha siku moja Wechuli akawaandikia wote. Wachezaji wa nchi mbalimbali wanalalamika: watu waliokwisha kuondoka wanabaki wamesimama ndani ya gemu, majina ya kijani, wanaziba milango, na dunia nzima ya mtu inazidi kuwa nzito mpaka inakwama. Kila aliyejaribu kuirudia hitilafu hiyo ameshindwa. "Beldina," akamalizia, "wewe una mkono wa haya mambo. Hii ni yako."

Beldina alikaa chumbani kwake akisikia watoto wa ploti wakicheza nje. Kisha akaanza, maana kazi ni kazi. Alichukua simu mbili, yake na ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Akaingia na ile ya zamani, akakata mtandao: yule mtu akasimama kidogo, akatoweka, kama inavyotakiwa. Akatoa betri: akatoweka. Akamkatia mtandao akiwa mtoni, akiwa shimoni, akiwa analala. Anatoweka, anatoweka. Na kila alipotoweka, Beldina alishusha pumzi, na tumaini lake mwenyewe, alilokuwa amelificha hata Wechuli asilione, likanenepa. Ikiwa anayekatika hutoweka, basi asiyetoweka hajakatika. Basi Calvi yuko! Yuko mahali, mjinga yule, amenuna kweli!

Angeishia hapo. Nakwambia, angeishia hapo awe na ndugu hadi leo. Lakini mkono uliozoea kazi haujui kuacha, na akakumbuka kitu mama yake alichowahi kusema akisimulia ile alasiri: Calvi akikimbia, mfuko ulikuwa unalia ko-ko-ko. Ko-ko-ko ni sauti ya mlango wa Udongo. Unalia hivyo mtu akiusukuma bila kuachilia. Simu ilikuwa imebanwa mfukoni, kidole hakipo ila nguo inaufinya mlango, ko-ko-ko, mpaka majini.

Beldina akampeleka mtu wake mlangoni, akaukandamiza kwa kidole, ko-ko-ko, na bila kuachilia akakata mtandao.

Akangoja. Yule mtu hakutoweka. Alibaki amesimama, mkono kwenye komeo, jina kijani. Akarudia. Akabaki. Akarudia tena, sasa machozi yanadondoka kwenye kioo na vidole vinateleza, na yule mtu anabaki tu. Siku nyingine akiirudia hitilafu ngumu hivi, hupiga kelele ya furaha na kwenda kujinunulia samaki mzima wa kukaanga. Siku hiyo alijifunika mto usoni asisikike na majirani, akamlilia Calvince kwa mara ya kwanza.

Wechuli akauliza: "Umefikia wapi?" Beldina akajibu: "Bado natafuta." Ulikuwa uongo, na aliusema tena, na tena. Akituma ripoti, hitilafu itarekebishwa na Calvince ataondolewa pale mlangoni. Asipotuma, mama yake atazeeka kwenye kile kiti, anaomba radhi kwa picha. Huko Ahero Mama Dorca alikuwa ameanza kuacha kula. Alisema atakula na Calvi.

Jumapili iliyofuata Beldina alifika na simu zote mbili. Hakungoja chai. Alichukua karai, akalijaza maji, akaliweka katikati ya sebule.

"Mama, leo tazama kwanza, halafu uniulize."

Akamwonyesha Calvince kwenye simu nzuri. Kisha kwenye ile ya zamani akaingia yeye, akamleta mtu wake akasimama kwenye mlango wa nyumba, hatua chache tu kutoka kwa ndugu yake, akaanza kuusukuma. Ko-ko-ko. Mama Dorca alishtuka akashika kifua.

"Hiyo sauti! Ndiyo hiyo ilikuwa mfukoni!"

"Ndiyo, Mama."

Kisha kidole kikiwa pale pale, Beldina akaizamisha simu kwenye karai. Maji yakaingia kwenye ule ufa, kioo kikamemeta mara moja, kikafa. Wakatazama ile simu nyingine. Wawili wamesimama, kila mmoja mlangoni pake. Chai jikoni ikachemka ikamwagikia kuni, hakuna aliyeinuka.

"Simu iko wapi, Mama?"

"Iko kwa maji."

"Na huyu wangu inasema yuko wapi?"

Mama Dorca alisogeza uso karibu, akasoma lile jina la kijani polepole. "Inasema yuko onlaini," akasema.

Kisha akaingiza mkono kwenye karai, akaitoa ile simu, akaanza kuipangusa kwa leso. Akaipangusa mbele, akaipangusa nyuma, akaipangusa pembeni, hata ilipokuwa kavu aliendelea. Ndipo akapiga ukemi. Ulikuwa ukemi uliokuwa umesubiri tangu siku ya mafuriko, na maboma yote ya jirani yakausikia. Mzee Oluoch alifika mbio bila kofia, akaona karai, akaona simu, akamwona shemeji yake chini. Alitoka akawaita wanaume waende na panga kwenye mti wa yago.

Wanawake walipomaliza kuingia na vilio vyao, na mama akashikwa akakalishwa, Beldina alikaa kando yake akafungua ukurasa wa ripoti. Nilifanya hivi. Nilitarajia vile. Nilitarajia mchezaji aliyekatika aondoke. Akaisoma sentensi hiyo kwa Kiswahili, mama asikie.

"Nikituma, Mama, watamtoa pale."

"Tuma."

Akatuma. Mama Dorca alikuwa bado ameishika ile simu mbovu mapajani.

"Kwa hivyo siku zote hizo hakuwa amenikasirikia," akasema.

"Hakuwa, Mama. Hata kidogo."

Beldina alidhani hilo litampunguzia. Mama yake alitikisa kichwa.

"Heri angekuwa amenikasirikia," akasema. "Calvi akikasirika, njaa humleta nyumbani."