Nilipiga Makofi Mama Mkwe Akiacha Dawa, Sasa Pastor Anataka Nishuhudie

Naomba jina langu libaki kwenu, kwa sababu watu wa kanisa letu wanafuata hii page. Niko na miaka 33, nimeolewa, tunaishi Kitengela. Nafanya kazi ya maabara kwa kliniki. Kupima watu sukari ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mama ya bwanangu tunaishi naye. Ni mgonjwa wa sukari, na sindano zake nilikuwa namdunga mwenyewe. Jumapili moja pastor akahubiri, "Mungu anakaa kwa moyo. Akili ndio kiti cha shetani. Kama umeamini na moyo wote, hizo dawa ni za nini?" Mama akainuka, akaweka dawa zake madhabahuni. Kanisa likapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mimi, mtu wa maabara.

Nyumbani nilijaribu kuongea. Bwanangu akaniambia, "Usiingize masomo yako kwa imani ya mama." Nikaacha hata kumpima, nisione namba yenyewe.

Kidonda kikatokea kwa kidole cha mguu. Harufu ilijaa nyumba mpaka tukawa tunakula nje, na bado tulikuwa tunaimba amepona. Siku alizimia ndio nilimpeleka hospitali Kajiado. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Pastor alikuja kumwona akinukia marashi. Hakukaribia kitanda. Akaniambia kando, "Moyo wa mama ulikuwa na shaka." Nilimchukia. Lakini nilijichukia mwenyewe zaidi, maana yeye hakusomea hii kazi. Mimi nilisomea.

Baadaye mama akaniambia polepole, "Hata mimi akili ilinikataza, mwanangu. Nikadhani ni shetani anaongea."

Sasa pastor anataka Jumapili nisimame niseme Mungu ameokoa maisha ya mama, nisitaje mguu wala dawa. Bwanangu ameshakubali kwa niaba yangu. Yesu bado nampenda. Lakini nakataa kwamba hii akili nilipewa na shetani.

Nikisema vile wanataka, kuna wamama wawili wa sukari hapo kanisani wanangoja ushuhuda wangu ndio waache dawa. Nikisema ukweli, bwanangu ameapa nitarudi kwetu, na mama atabaki bila mtu wa kumuosha kidonda cha huo mguu uliokatwa. Jumapili ni keshokutwa. Wewe ungekuwa mimi, ungesema nini pale mbele?