Karibu Dukani Kwetu, Mabatini

Sijawahi kuwa na duka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililochelewa kulisema, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu mwingine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Mabatini, nyumba ya kupanga, na kabla ya mambo haya kitu pekee nilichowahi kuuza ni maandazi ya kuchangia mahafali ya darasa la saba.

Yote yalianza dada yangu alipohamishiwa Dodoma kikazi. Akaniachia vitu vya nyumba nzima: friji, jenereta, pampu ya maji, mashine ya kufulia, meza ya kioo na viti vyake sita. Sebuleni kwangu pakawa hapapitiki. Ukitaka kwenda jikoni unakwenda ubavu ubavu. Dada akasema, "Viuze, hela tugawane." Mwalimu mwenzangu akaniingiza kwenye grupu la mnada la simuni, la watu wa hapa Mwanza na ng'ambo mpaka Geita. Utaratibu wake ni mwepesi. Asubuhi unaweka picha ya kitu chako, watu wanapanda dau mchana kutwa, na saa kumi jioni msimamizi anaandika "Imegonga!" Wa mwisho kupanda ndiye mwenye mali.

Mara ya kwanza niliandika ukweli mtupu: "Friji la nyumbani, zima kabisa, mwenye nalo amehama." Hakuna aliyeweka hata senti. Mmoja ndiye aliyejibu, akaniuliza, "La nyumba ya nani? Wewe ni nani, tukulipe ukimbie?"

Nilikasirika, jamani! Mimi nimefundisha watoto wa mji huu miaka kumi na tisa, leo mtu nisiyemjua ananiita mwizi wa friji? Nikataka kumjibu maneno makali, lakini mwenzangu akacheka. Akaniambia hivyo ndivyo watu wetu walivyo. Mtu anayeuza kitu chake mwenyewe wanamwona kibaka, ila mwenye duka wanamwamini kwa sababu wanajua pa kumfuata. Ndiyo maana kila mtu kwenye lile grupu alijiita duka. Kulikuwa na mzee aliyeandika "duka letu lipo Buzuruga jirani na stendi", na viti alivyopiga picha vilikuwa vyake vya sebuleni, kitambaa cha Krismasi bado kimetandikwa.

Basi na mimi nikaandika. Haki ya Mungu, niliandika nikicheka: "Mzigo mpya umeingia! Karibu dukani kwetu, Mabatini, fremu ya tatu kutoka kwa fundi viatu." Friji likagonga siku hiyohiyo, kwa bei ambayo dada hakuamini.

Fremu ya tatu kutoka kwa fundi viatu ilikuwa ya rafiki yangu. Alikuwa akiuza vyombo: masufuria, mabakuli, vikombe, chupa za chai. Ni Msukuma wa Magu, mdogo kwangu kama miaka minane, na alinipa heshima hadi naona aibu, kila siku "shikamoo dada mwalimu" hata tukionana mara tatu. Miaka mingi alikuwa akitandaza vyombo vyake chini pale stendi ya Buzuruga. Mvua ikija anakusanya, jua likija anatandaza. Ile fremu, chumba kimoja cha duka cha kupanga, aliipata baada ya kujinyima sana. Bango alilipaka mwenyewe rangi ya bluu, na herufi ya mwisho ikakosa nafasi ikapinda kushuka chini. Nikamwambia ningekuwa naisahihisha ningemkata maksi. Akacheka mpaka akakaa.

Nilimwomba kitu kimoja tu: wateja wangu wanikute dukani kwake, maana nyumba yangu haina njia ya gari. Akasema, "Dada, hapa ni kwako." Kwenye grupu hakuwemo. Kwamba nimeandika "dukani kwetu" sikumwambia. Sikuona kama ni jambo la kumwambia.

Jenereta likauzwa. Pampu ikauzwa kwa mtu wa Sengerema, akaja na pikapu. Na mimi maneno yakazidi kunoga: "Mzigo upo wa kutosha, wahi!" Mzigo gani? Nilikuwa nimebakiwa na mashine ya kufulia na meza.

Ndipo ikaingia namba moja isiyo na picha. Haikupanda dau hata siku moja. Ilikuwa inauliza tu, na inaniuliza mimi peke yangu. Wiki ya kwanza: "Duka hili limeanza lini?" Wiki ya pili: "Majenereta yako mangapi?" Wiki ya tatu: "Mnatoa risiti?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikajibu, "Risiti zipo, karibu sana." Akaandika "Ahsante", na hakuniandikia tena. Nikaifuta ile picha ya meza, kisha nikajicheka na kuirudisha.

Siku chache baadaye nilipita dukani nikitoka shule. Rafiki yangu akanipokea akicheka. "Dada mwalimu, leo nimepata wateja vituko! Wawili. Wamenunua bakuli moja, halafu wananiuliza majenereta nayaweka wapi. Nikawaambia hapa labda niwape jiko la mkaa."

"Wakasemaje?"

"Wakapiga picha bango, wakaenda zao."

Yeye alicheka. Mimi nikakalia ndoo iliyofunikwa.

Barua ilimfikia rafiki yangu kabla mwezi haujaisha. Ilimtaka aende ofisi ya kodi kupitia upya makadirio yake. Wafanyabiashara wadogo kama yeye hawana mahesabu ya vitabuni. Wanakaa na ofisa, wanakadiria mauzo ya mwaka, na kodi inatokana na hapo. Yake ilikuwa ya masufuria na vikombe, na alilipa bila kuchelewa, risiti zote amezitunza kwenye kopo la maziwa.

Alikwenda asubuhi, akarudi saa nane. Nilimkuta amekaa ndani ya duka, amegeuzia mlango mgongo. Akaniambia kuna mtu alilalamika kwamba duka hili linauza mafriji na majenereta mtandaoni na linalipa kodi ya vikombe. Makadirio yatapanda kwa kiwango ambacho akikilipa hatabaki na kitu, labda aeleze hiyo mali iko wapi na ni ya nani. Alikuwa na bahasha mapajani, ameishika kwa mikono miwili.

"Ukawajibuje?" nikamuuliza.

"Nimesema sijui." Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, hakupepesa. "Dada, mimi jenereta hata kuliwasha sijui."

Pale ndipo pa kusema. Sikuhitaji hotuba, ilikuwa sentensi moja tu: mdogo wangu, ni mimi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Watakuwa wamekosea tu, mambo haya huwa yanaisha."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sawa, dada mwalimu."

Usiku sikulala, na kesho yake nikaenda mwenyewe ofisini. Nilijifanya naulizia kwa niaba ya mtu. Nilimkuta ofisa, binti mpole, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo mama, karibu ukae." Nikaitikia marahaba kwa sauti isiyo yangu. Nikamuuliza, mtu akiuza friji lake la nyumbani kwa mtu mwenzake kwenye mnada wa simu, anadaiwa kodi ya mauzo?

Akatabasamu. "Mama, mtu akiuza kitu chake alichokuwa anakitumia, mara moja, kwa mwenzake, hiyo siyo biashara. Hatumfuati. Lakini kuna watu wanaandika duka, wanaandika mzigo mpya, wanaandika risiti zipo. Hao tuwaelewe vipi?"

Maneno yangu, moja baada ya jingine! Ile sentensi ya kwanza niliyoiandika, ile ya "mwenye nalo amehama", ndiyo ingetuokoa sote. Sikudaiwa chochote. Hakuna mtu aliyekuwa anadaiwa chochote, mpaka nilipojipa duka.

"Na kama aliyeandika siyo mwenye duka?"

"Basi aje naye, waje pamoja. Aandike maelezo, asaini. Mwenye duka huwa anapewa siku kumi na nne tangu siku aliyoitwa. Zikiisha, makadirio mapya yanasimama."

Waje pamoja. Kwa maneno mengine, nimwambie kwanza.

Nimewahi kumsimamisha mtoto mbele ya darasa zima kwa kusema uongo wa kalamu. Na mimi, mtu mzima, nilikaa siku tatu na daftari nikiandika barua na kuchana. Nikiandika "niliandika kwa bahati mbaya" naona ni uongo mwingine. Nikiandika "nilitumia duka lake bila ruhusa" mkono unakataa. Niliona haya, basi. Sina maelezo mengine. Niliona haya kwa mtu aliyeniamkia shikamoo kila siku.

Shule zilikuwa zimefunga. Nikajiambia mama yangu kule Muleba ni mgonjwa, nikapanda basi. Mama alikuwa mzima, analima migomba yake.

Kwenda Muleba tunapita Busisi. Zamani, enzi za kivuko, pale Kigongo, upande wetu wa ziwa, ungesubiri saa nzima, pengine mbili, unakula mahindi ya kuchoma na mawazo yako yote yanakukuta. Siku ile, kama kivuko kingekuwepo, nadhani ningeshuka na kurudi. Lakini sasa kuna daraja. Dakika chache tu na uko ng'ambo. Nilitazama dirishani, wadudu wa ziwani wameinuka juu ya maji kama moshi mweusi, wanakuja upande wetu. Dereva akafunga kioo, tukawapita, na Mwanza ikawa nyuma.

Nilikaa siku saba. Kila asubuhi nilihesabu siku zilizobaki. Rafiki yangu hakunipigia simu hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga. Siku ya kumi na mbili nikashindwa. Nikaaga, nikapanda basi la alfajiri, barua nimeiandika kwenye goti langu, mistari minne, nimesaini. Niliisoma njia nzima ili nikifika nisigeuke.

Fremu ya tatu ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya. Bango halikuwepo. Ukutani palibaki alama yake, na pembeni ukingo wa rangi ya bluu.

Fundi viatu hakuinua macho kwenye kiatu alichokuwa anashona. "Amefunga juzi. Ufunguo karudisha kwa mwenye fremu. Alisema hiyo kodi mpya haiwezi na kugombana hawezi."

"Lakini siku zilikuwa bado! Zimebaki mbili!"

"Alijua." Akavuta uzi. "Alikusubiri, mwalimu."

Nikamuuliza alikuwa ananisubiri kwa lipi. Nilijua, lakini niliuliza.

"Kule ofisini walimpa karatasi zenye maneno yako ya mnada. Namba ya simu iko pale juu. Siku ile ile ya kwanza alinionyesha, kwenye bahasha. Akasema, hii namba ya dada mwalimu. Akasema usimwambie kitu, atakuja kuniambia mwenyewe."

Siku ile ya kwanza! Kumbe aliponitazama vile, bahasha iko mapajani, alikuwa anajua. Aliniachia nafasi, na mimi nikamwambia wamekosea.

Nilimpigia simu palepale. Ikaita ikakatika. Nikapiga tena. Nilikuwa nimesimama juani na barua yangu mkononi, nalia bila kujificha, na wapita njia wananitazama. Simu ikatoa mlio. Nikadhani ni yeye.

Ilikuwa kweli ni yeye, ila kwenye grupu. Msimamizi alikuwa amemwingiza asubuhi ile. Picha zikaanza kushuka moja moja: masufuria, seti nane. Mabakuli. Chupa za chai, moja haina kifuniko. Shelfu za mbao. Ya mwisho ilikuwa ya bango lake, limeegemezwa ukutani nyumbani kwake, herufi yake imepinda. Chini yake aliandika: "Vitu vyangu mwenyewe. Sina duka."

Hakuna aliyepanda dau. Dakika kumi, robo saa. Kisha akatokea mmoja, sijui kama ni yuleyule wa siku ya friji langu, akaandika, "Wewe ni nani? Tukulipe ukimbie? Duka liko wapi?"

Niliona pale juu inaonyesha kwamba rafiki yangu anaandika, anaacha, anaandika tena. Fundi viatu naye alikuwa ameweka kiatu chini, anachungulia simu yangu.

Jibu likaja.

"Muulizeni mwalimu wa Mabatini. Yeye ndiye anajua duka lilipo."

Wa kwanza kunipigia alikuwa msimamizi.