Kinyozi Aliyeacha Kila Mtu Aseme

Jina la Mwacheni hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu kila ubishi ulipochacha kwenye saluni yake na mtu mmoja akataka kumziba mwenzake mdomo, yeye aliinua mashine juu ya kichwa alichokuwa akinyoa na kusema, "Mwacheni aseme." Basi likamganda, hata mkewe akilitumia akiwa amekasirika.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Kulikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimekwama, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na benchi ambalo nusu ya waliolikalia hawakuwa na nywele za kunyoa. Walikuja kupiga soga. Mwacheni hakuwafukuza. Sheria yake ilikuwa fupi: maneno ruksa, ngumi nje. Uliweza kuisema serikali, timu ya jirani, dini ya jirani, hata kinyozi mwenyewe wakati wembe uko shingoni mwako, ukiwa na moyo huo. Mara moja tu alimtoa mtu nje. Mtu huyo alikuwa ametaja nyumba ya familia fulani na kusema, "Twendeni tukawachomee sasa hivi." Mwacheni alimvua shuka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. "Hayo si maoni," alimwambia. "Hapo unagawia watu kazi. Nenda kamalizie kwingine."

Msimamo huo ulitoka mbali. Baba yake alikuwa karani kwenye ghala la reli, mtu wa mizaha. Siku moja, kwenye mazishi, alimtania mkubwa fulani, na watu wakacheka hadi wakasahau wamekuja kulia. Wiki iliyofuata alichukuliwa kwa kosa la maneno ya kugawa watu. Majirani wale wale waliocheka waliitwa mmoja mmoja, wakaeleza walichosikia. Aliporudi, baba alikuwa ananong'ona. Alinong'ona hata akiomba chumvi mezani. Mwacheni alikulia kwenye nyumba hiyo ya minong'ono, na alipopata chumba chake mwenyewe chenye mlango wake, alikata kauli kwamba humo ndani hakuna atakayenong'ona.

Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zao wawili, alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akipiga pasi mashuka siku nzima. Kwao kulikuwa bondeni, mahali ambapo sasa ni maji matupu. Bwawa lilipojengwa, watu wa bonde walihamishiwa mjini wakiwa na mabegi vichwani, na wenyeji wakawaita Mabegi. Wengine walilisema kwa utani. Wengine hawakuwa na utani.

Dereva mmoja wa lori, aliyejulikana kama Honi kwa ukubwa wa sauti yake, alikuwa wa hao wa pili. Asubuhi moja alikaa kwenye kiti cha Mwacheni, povu likiwa kidevuni, akaanza. Mabegi wamejaza shule. Mabegi wanazaa kama panya. Mabegi hawana shukrani, na kama angekuwa yeye mkubwa, angewarudisha kule kule majini wakajifunze kuogelea.

Benchi zima lilimtazama Mwacheni. Kila mtu alijua mke wake ni nani. Mwacheni alikilaza kichwa cha Honi nyuma kidogo, akaendelea kunyoa.

Aliyeinuka kutoka kwenye benchi ni Fundi Saa. Huyu alikuwa na meza yake ya kutengenezea saa upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi. Mjane wa kiume, vidole vyembamba, msomaji wa magazeti. Aliweka gazeti chini na kumjibu Honi kwa ufasaha ambao watu walikuwa wakiurudia hadi jioni. Alisema aliyezamishiwa nyumba yake ili wewe upate taa ya kujitazama kwenye kioo hastahili matusi, anastahili kiti. Alisema mengine pia, kwa sababu alipopamba moto hakujua kusimama: kwamba watu wa mlimani, kina Honi, ni wezi tangu tumboni mwa mama zao. Mwisho akamgeukia kinyozi. "Na wewe na hiyo mwacheni-mwacheni yako! Midomo kama hii ingefungwa kwa sheria."

Watu walipiga makofi. Honi alifuta povu, akacheka, akalipa, akatoka.

Jioni Mwacheni alimkuta mkewe ameketi ukumbini na viatu vyake vya kazini bado miguuni.

"Nasikia Fundi Saa amenitetea leo," alisema.

"Alisema-sema."

"Alisemaje ile ya taa na kioo? Shemeji yako kanisimulia, lakini kaiharibu."

Mwacheni akamsimulia, bila hamu. Mama Pacha alitabasamu, tabasamu ambalo mumewe hakuwa ameliona kwa muda mrefu, na halikuwa kwa ajili yake.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namnyoa."

"Ulimnyoa vizuri?"

Mkewe alivua viatu, akaenda kuoga.

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa Mwacheni kooni kama mfupa wa samaki. Mama Pacha alipotoka kazini alianza kupitia upande wa Fundi Saa kumshukuru. Kisha kumpelekea saa ya binti mmoja iliyosimama. Kisha kuulizia saa hiyo. Ukuta wa plaiwudi haukuwa na siri. Mwacheni alisikia kicheko cha mkewe, kile cha kuanzia chini na kupanda, na mashine ikamteleza mkononi ikachora njia kwenye kichwa cha mwalimu wa hesabu. Alipunguza sauti ya redio. Wateja wakauliza kama imeharibika. Alisema ndiyo.

Alianza kumchunguza mwenzake. Yule ana nini? Mabega hana. Kikohozi anacho. Lakini ana maneno, na kila neno lake linakaa pale alipoliweka. Mwacheni alijaribu kutunga maneno yake mwenyewe akifagia nywele sakafuni, na yalikuwa mazuri kabisa mpaka mtu alipoingia.

"Saa ya mtoto imekuwa na ugonjwa gani usiopona?" alimuuliza mkewe.

"Springi."

"Springi tu?"

"Baba Pacha, kama una swali, uliza."

Akasema hana swali.

Wakati huo mtaa ulikuwa umeletewa rasimu ya kanuni mpya ya kuzuia maneno ya chuki, na kwenye mkutano wa mtaa aliyeitetea kwa sauti kuu kuliko wote alikuwa Fundi Saa. Mwacheni peke yake ndiye aliyenyoosha mkono kupinga. Alitaka kusema juu ya baba yake, akaishia kusema, "Leo mnamfungia yule, kesho nani atashika ufunguo?" kisha akakaa. Mkewe alikuwepo. Alikuwa akimtazama Fundi Saa.

Kanuni ilipopita, Fundi Saa alikwenda mwenyewe kumshtaki Honi. Binamu za Honi hawakulala. Nao walikwenda kumshtaki Fundi Saa kwa lile la wezi wa tumboni. Afisa wa kituo alisikiliza pande zote mbili, na pengine kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na jamaa mlimani, akaona la Fundi Saa ndilo zito. Walimchukua mchana kweupe, kioo chake kidogo cha kukuzia vitu kikiwa bado jichoni. Aliacha saa zikiwa zimefunguliwa matumbo mezani.

Afisa aliingia saluni, akaketi kwenye kiti kilichokwama, akajaribu kukizungusha.

"Wewe si wa bonde wala wa mlimani," alisema. "Ushahidi wako hautaleta maneno. Utaeleza tu ulichosikia, basi. Njoo kesho."

Alasiri hiyo Mwacheni alifanya kazi kwa furaha iliyomtia aibu. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Hakuna kicheko, hakuna kikohozi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi mno: asingehitaji kusema uongo hata neno moja. Kichwani alimwona Fundi Saa akirudi baadaye, mdogo, akinong'ona. Ajaribu kumchekesha mke wa mtu kwa kunong'ona!

Ndipo akamkumbuka mzee wake akiomba chumvi, na furaha ikamtoka yote.

Kesho yake alikwenda kituoni, akasimama mbele ya meza ya afisa.

"Nilisikia," alisema. "Sitaeleza."

"Unamficha mhalifu?"

"Alisema neno baya. Aliyemjibu alikuwa amesema baya zaidi. Wote wawili walitoka kwangu wazima, mmoja akiwa na kidevu safi. Hakuguswa mtu. Kama wana ugomvi wa maneno, wana midomo."

"Naweza kukufungia saluni."

"Unaweza," Mwacheni alisema, na sauti ilimkatika, lakini alikuwa ameshasema.

Kutoka pale alikwenda kwenye yadi ya malori. Honi alikuwa amelala chini ya gari lake, miguu nje.

"Honi, toka huko. Kafute yale mashtaka."

Honi alijitokeza, uso una grisi. "Na mimi aliponishtaki?"

"Alikosea. Nilimwambia mkutanoni. Ulisema kwangu ulichotaka, nani alikuzuia? Sasa mwenzako naye alisema, unakimbilia askari. Mwanaume mwenye sauti kama yako!"

Hilo lilimwingia Honi. Alijifuta mikono taratibu. "Lakini kinyozi, wewe ni mtu wa ajabu. Unamtetea yule? Mtaa mzima unajua mkeo haondoki mezani kwake."

Mkono wa Mwacheni ulijikunja wenyewe. Alikuwa karibu, na Honi bado alikuwa amechuchumaa. Kilikuwa kidevu anachokijua vizuri. Akaukunjua.

"Umesema," alisema. "Sasa utanisikia na mimi. Huyo mke wangu ni Begi. Ukisema wanazaa kama panya, unawasema... unawasema wanangu. Nyumba ya mama yake iko chini ya maji. Kisima. Kila kitu. Alishaogelea kabla hujamtuma, kama ni kuogelea." Hapo alikwama, akaanza upya. "Siku nyingine utasema tena, na sitakuita askari. Nitakujibu. Na kiti changu ni changu. Nikichoka, utajinyoa mwenyewe."

Honi hakuomba msamaha. Alimtazama kama mtu aliyegongwa na baiskeli asiyoiona. Lakini mchana alikwenda kituoni na binamu zake, wakafuta mashtaka, na kwa kuwa hakukuwa na shahidi, Fundi Saa akaachiwa.

Alirudi kama bingwa. Watu walimsindikiza hadi mezani kwake, Mama Pacha akiwa miongoni mwao, na kicheko kile kikapanda tena nyuma ya plaiwudi. Fundi Saa alikuja saluni kushukuru, lakini hakubadili msimamo. Alisema kanuni ni nzuri, ila imeangukia mikono mibaya. "Itaangukia mikono ipi mingine?" Mwacheni aliuliza. Wakabishana. Fundi Saa alishinda ubishi, kama kawaida, na Mwacheni alimwonea wivu hata wakati huo.

Jioni, mabinti wakiwa nje, Mwacheni alisimama mlangoni pa chumba, mkewe akikunja nguo.

"Nina swali."

"Uliza."

"Unampenda yule?"

Mama Pacha hakucheka wala hakukasirika. Alimaliza kukunja gauni lililokuwa mkononi.

"Napenda anavyosema," alijibu. "Siku ile nilitamani yale yatoke kwako. Hakuna aliyekukataza, Mwacheni. Unawaachia watu wote waseme, wewe mwenyewe umejifungia."

"Nimemwambia Honi."

"Nimesikia kuna kitu umemwambia. Nani atanisimulia bila kukiharibu?"

Akamsimulia, amesimama pale pale, na alikwama mahali pale pale. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa kifuani, macho yamejaa maji.

"Hapo kwa watoto," alisema, "ungepandisha sauti kidogo. Hebu rudia."