Jina Langu Liko Chini ya Bahari

Sijawahi kuona bahari, lakini jina langu liko huko, chini ya maji, limeandikwa kwenye vibati vidogo vilivyofungwa kwenye nyaya za umeme. Aliyelipeleka ni pacha wangu. Nilimwonea wivu miaka mingi, na hata leo nikisema umekwisha nitakuwa nadanganya.

Sisi ni mapasa, ndivyo pacha wanavyoitwa kwetu Lubumbashi. Mimi nilitangulia kutoka, kwa hiyo aliniita yaya, yaani mkubwa wake. Sheria ya mapasa kila mtu wa mtaa wetu wa Kamalondo anaijua: ukimpa mmoja, umpe na mwenzake. Likinunuliwa shati, yananunuliwa mawili. Tulifanana kiasi kwamba baba mwenyewe alikuwa akituchanganya, kisha anatukaripia sisi.

Wote wawili tulikuwa mafundi umeme wa kampuni kubwa ya shaba. Lakini kuunga kebo kubwa, zile nene kama mkono wa mtu, nilijua mimi. Yeye alianguka mtihani mara mbili kwa sababu ya mdomo. Kebo ikishafunguliwa huongei juu yake, maana pumzi ina unyevu, na unyevu ukinaswa ndani ya kiungo, pale kebo zilipoungwa, ipo siku kitapasuka. Ndugu yangu hakuweza kunyamaza hata dakika tano. Diplome, cheti cha kuunga kebo, nilipewa mimi, nami nilimringia nayo sana, sitaficha.

Kisha kampuni ikaanguka. King'ora cha asubuhi kikanyamaza, mafundi wakawa wauza makaa, ofisi ya makaratasi ikavunjwa, na wauza karanga wakafungia bidhaa yao kwenye kurasa za mafaili yetu. Watu wakaanza kufukua kebo mchana kweupe ili wauze shaba. Siku moja nilimkuta jirani yangu anachoma uani kwake kiungo nilichokiunga mimi ili ganda litoke. Nilikitambua kwa jinsi kilivyofungwa.

"Papa, pole," akaniambia. "Batoto batakula nini?"

Nilirudi nyumbani nikalala, na sikuamka vizuri kwa wiki tatu, maana ilikuwa tifoide, homa ya matumbo.

Wiki hizohizo alikuja Mzungu anayetafuta waunga kebo. Huko Ulaya walikuwa wanasimika mashine za upepo ndani ya bahari, makumi kwa makumi, na mafundi hawakutosha. Mahojiano hayakungoja homa yangu. Mama alitoa diplome chini ya godoro langu akampa ndugu yangu.

"Mulitoka mu tumbo moya," akaniambia. "Karatasi ya mumoya iko ya bote babili. Atatangulia, kisha atakuvuta."

Nilikubali. Sikulazimishwa na mtu. Akapanda ndege na jina langu, akaniachia la kwake.

Anivute vipi? Jina langu lilishafika, na mtu mmoja haingii nchi mara mbili. Hatukuliwaza hilo, sisi watatu wenye akili zetu.

Alikuwa anapiga simu Jumapili. "Yaya, leo hatukutumika kazi. Mawimbi iko makubwa, tulibakia ku hoteli." Kukiwa shwari, mashua inakandamiza pua yake kwenye mnara wa mashine, wao wanarukia ngazi. Kebo inatoka sakafuni mwa bahari, inapanda ndani ya bomba mpaka ndani ya mguu wa mashine, chini ya usawa wa maji, na hapo ndipo anapoikata, anaisafisha, anaifunga, anatundika kibati chenye jina. Nchi kavu kuna watu wanaotazama kila mashine kwenye skrini, wanajua ipi imelala na ipi inazunguka. Nilimuuliza kisu gani, kitambaa gani, nani anakagua. Nikishakata simu, nasukuma sahani pembeni. Ile kazi ilikuwa yangu. Mikono iliyostahili kuwa pale ilikuwa hapa, inamenya mihogo.

Majirani walinitania: "Mudogo yako anapunga mupepo, na bado banamulipa?" Nilicheka nao huku nachemka.

Kwa sheria ya mapasa alituma vitu viwili viwili, chake na changu. Ndivyo nilivyopata koti la rangi ya machungwa la baharini. Nililivaa kwenda kuomba kazi mgodini Kinsevere, jasho likinitiririka. Mhandisi akauliza diplome iko wapi. Nikamwambia iko Ulaya, inafanya kazi. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikampa karatasi ya ndugu yangu, ya fundi wa kawaida, wakanipa kazi ya kubadilisha balbu za kambi.

Jumapili moja alipiga kwa sauti ndogo. Kiungo kimepasuka, safu nzima ya mashine imesimama, na kibati kina jina lake, yaani langu.

"Yaya, nilikosea wapi?"

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikakaa chini.

"Uliongea," nikamwambia.

Akakubali: "Njo vile. Tulikuwa tunabishania mupira."

Nikamwacha ateseke hadi Jumapili iliyofuata. Kisha nikaona kwamba anayefukuzwa huko ni mimi, jina langu ndilo litakaloandikwa kwamba halijui kazi. Nikamfundisha upya, hatua kwa hatua, wiki kwa wiki, yeye akirudia kila nilichosema. Alishika. Baada ya mwaka walimfanya mwalimu wa waunga kebo wapya.

Alikuja likizo miaka mingi baadaye, mnene, ngozi laini, amejifunza kunyamaza. Tulikaa uani, viti viwili, vikombe viwili. Nilikuwa nimepanga kumwambia arudishe jina langu, hata kama sikujua linarudishwa vipi. Nilitafuta pa kuanzia.

Mama alikuwa jikoni na mgongo unamuuma, anataka mtu amsaidie kuinua chungu. Akaita. Aliita jina langu.

Nikaweka kikombe chini ili ninyanyuke. Ndugu yangu alikuwa ameshaitika, amesimama, anakwenda. Hakugeuka hata kunitazama, na nadhani hakujua alichofanya. Mama alimwangalia mlangoni, akamwangalia tena, wala hakuniita mimi; akamwonyesha yeye chungu.