Gari la Mguu wa Kushoto

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya waya, nikaambiwa nisugue kutu kwenye springi mpaka chuma kionekane. Gereji ilikuwa mtaa wa Chuno, na mkuu wake alikuwa Mzee Nambunga, ambaye sote tulimwita Fundi Mkuu. Mimi nilitoka Mikindani, kwenye ukoo wa wavuvi na wafanyabiashara. Nilivaa ovaroli, ushungi nimeufunga kwa nyuma. Wateja walidhani nimeleta chai. Jioni Fundi Mkuu alikuja, akapitisha kidole kwenye ile springi, akasema, "Kesho uje na glavu."

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuinua magari. Vijana wa leo mkiona rimu zinang'aa mnadhani gari hubadilishwa kwa urembo tu. Sisi tulibadilisha kwa sababu ya barabara. Gari dogo likitoka bandarini liko chini, tumbo lake hukwaruza kila tuta la njia za mashambani. Tuliweka spesa, yaani kipande kinene cha mpira mgumu juu ya springi, bodi ikanyanyuka. Wengi huishia hapo. Lakini ukiinua bodi, shokamzoba, ambayo ndiyo hutuliza mdundo wa springi, huvutika kupita kiasi, magurudumu nayo hukaa upande. Kwa hiyo tulitafuta shokamzoba ndefu zaidi, tukanyoosha magurudumu upya, kisha Fundi Mkuu akalipeleka gari kwenye mashimo akiwa amefungua vioo.

"Usiniambie limekaa vizuri," alikuwa akisema. "Niache nilipeleke nikasikie."

Bomba la gesi lilipokuwa likijengwa nilipata kazi kwa mkandarasi mmoja karibu na Madimba. Msimamizi wa karakana alikuwa mtu wa bara, mpole; hata gari likirudi na kasoro hakuinua sauti. Alikupa spana tu, akasimama hapo mpaka umalize. Kwake nilijifunza pikapu nzito: kuongeza bamba kwenye springi za nyuma ili zibebe mabomba, na kufunga matairi mapana kwa ajili ya mchanga wa pwani. Kazi ilipopungua nilirudi Chuno. Fundi Mkuu alikuwa amechoka, akaniachia gereji. Cheo nacho aliniachia, ila watu waliendelea kumwita yeye Fundi Mkuu, na mimi nikiwa wa kwanza kumwita hivyo.

Kisha kisukari kikamchukua mguu wa kulia, chini ya goti.

Nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta barazani na magongo yake. Gari lake dogo la otomatiki lilikuwa uani, limefunikwa turubai.

"Zuhura," akasema kabla sijakaa, "nataka kuendesha."

Mkewe, Mama Tekla, alitoka jikoni. "Mwanangu, usimsikilize. Mguu umeshakwenda, sasa anataka na shingo iende."

"Shamba la kule Mpapura analiangalia nani?" Fundi Mkuu alimjibu mkewe, lakini alinitazama mimi. "Nikienda nabebwa. Vijana wananiinua kama gunia, wananipakia. Mimi." Hilo neno la mwisho lilitoka kwa sauti ndogo sana.

Nililipeleka gari gereji. Tatizo la kwanza lilikuwa kimo. Aliliinua mwenyewe zamani kwa ajili ya njia ya Mpapura, na sasa mtu wa mguu mmoja hakuweza kulipanda.

"Toa spesa," aliamuru.

"Nikitoa, njiani injini itakwaruza."

"Basi ziache."

"Nikiziacha hupandi, Fundi."

Tulibishana hivyo mpaka nikachoka, nikakaa kwenye kiti chake cha kawaida pale gereji, kisha nikahamia kile cha gari, nikarudi tena. Ndipo nikaona kwamba sote tunaangalia springi wakati cha kushusha ni kiti. Nilikata fremu ya kiti, nikaichomelea upya ikiwa chini, na reli ndefu ili kirudi nyuma kabisa. Spesa niliweka fupi kidogo, springi ngumu zaidi ili gari lisizame, na chini ya injini ngao ya chuma. Magurudumu nilibadilisha nikafunga rimu ndogo zenye matairi ya kuta nene, yameze mtikisiko usifike kwenye kidonda. Mwisho nikafunga pedali ya mafuta upande wa kushoto wa breki, ile ya kulia nikaizibia kwa bati ili isiguswe kwa bahati mbaya.

Siku ya kulijaribu, gari liliruka mbele likaparamia rundo la matairi chakavu. Mama Tekla aliziba macho. Gari hili halikuwa na klachi, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga klachi za magari ya wateja maisha yake yote, na klachi hukanyagwa mpaka chini.

Fundi Mkuu alizima injini. "Rudisha pedali mahali pake."

"Sirudishi."

"Zuhura!"

"Huo mguu unajua kazi moja. Tutaufundisha nyingine."

Nilipiga jeki, nikalikalisha gari kwenye stendi za chuma, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani. Kila asubuhi alikaa humo, mimi nikisimama pembeni nikiita, "Mafuta! Breki! Mafuta! Breki!" Wateja walicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanaita wenyewe, na aliyechelewesha neno alifokewa.

Mkaguzi wa trafiki alipokuja alilala chini ya gari, akatikisa pedali kwa mkono, kisha akazunguka mjini, Fundi Mkuu akiendesha. Waliporudi aliniambia, "Mama, huyu anaendesha kuliko wewe." Nilikubali.

Safari ya kwanza ya Mpapura nilikaa mbele, Mama Tekla nyuma na tasbihi yake ya rozari. Fundi Mkuu alifungua vioo, akasikiliza kila shimo. Tulipofika mahali njia inapoingia kwenye mikorosho alisimamisha gari.

"Shuka," akaniambia.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Unanizibia sauti ya gari."

"Na mimi?" Mama Tekla akauliza.

"Na wewe."

Tulishuka. Akaondoka peke yake, taratibu, akikwepa visiki, mpaka mikorosho ikamficha. Mama Tekla alinishika mkono kwa nguvu. Tulikuwa tunacheka, machozi yanatutoka, tukaanza kulifuata gari kwa miguu.

Sasa nimestaafu. Bega halitaki tena kukaza nati, na gereji inaendeshwa na mafundi niliowafundisha. Baada ya Fundi Mkuu walikuja wengine: mwalimu mwenye mkono mmoja, na mfanyabiashara mwenye asili ya Msumbiji anayeishi kando ya Ruvuma, ambaye miguu yake yote ilipooza. Kila mmoja tulianza naye upya. Kiwandani gari hutengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Kwetu Chuno lilitoka likiwa la mtu mmoja, ninayemjua kwa jina.